BENKI IKIANGUKA, MWENYE HISA AMDAI NANI?

NDUGU msomaji, kama wewe ni mfanyakazi wa mjini, huenda katika sanduku la nyaraka nyumbani kwako, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na risiti za karo, mna karatasi moja inayosema kwamba wewe ni mwenye hisa katika benki. Pengine ulizinunua hisa hizo kwa akiba ya miaka mingi. Pengine uliachiwa na mzee wako. Kila mwaka hupata gawio, nalo husaidia kununua sare za shule au kukamilisha bati la nyumba. Lakini, je, umepata kujiuliza siku benki hiyo ikifunga milango yake karatasi yako itakuwa na thamani gani? Na ikiwa benki hiyo imeangushwa na uongo wa wakubwa wake, au na uzembe wa wale waliopewa kazi ya kuisimamia, wewe utamdai nani?

Wengi hujibu upesi: “Nitakwenda mahakamani.” Jibu hilo si baya, ila ni fupi mno. Kwa zaidi ya miaka 140 mahakama za nchi mbalimbali zimesikiliza kilio cha wenye hisa wa benki zilizoanguka, nazo zimetoa majibu ambayo kila familia yapasa iyajue kabla ya kununua hisa, si baada ya msiba. Ili kuyaelewa majibu hayo, hatuna budi kuanza na kisa kimoja cha zamani, kilichotokea katika mji wa Glasgow, huko Scotland.

ASUBUHI YA OKTOBA

Siku ya Jumatano, tarehe 2 Oktoba 1878, milango ya City of Glasgow Bank haikufunguliwa. Benki hiyo haikuwa kibanda cha mkopeshaji wa mtaani. Ilikuwa na matawi 133 na amana zilizozidi pauni milioni 8. Miezi michache tu kabla ya siku hiyo ilikuwa imewatangazia wenye hisa wake gawio la asilimia 12, na hisa ya pauni 100 iliuzwa sokoni kwa bei iliyozidi mara mbili ya thamani hiyo. Nani basi angeshuku?

Wakaguzi walipozifungua hesabu, waliona mambo ya kutisha. Sehemu kubwa ya fedha za benki ilikuwa imekopeshwa kwa makampuni machache tu, na mojawapo lilikuwa la mkurugenzi wa benki yenyewe. Makampuni hayo yalikuwa yamekwisha kushindwa kulipa, lakini badala ya kukiri hasara, benki iliendelea kuyakopesha ili yapate kulipa riba ya madeni ya zamani. Madeni mabovu yaliandikwa vitabuni kama mali nzuri. Dhahabu iliyotajwa kuwamo ghalani haikuwamo yote. Tena benki ilikuwa ikinunua hisa zake yenyewe kwa siri ili bei isishuke. Gawio lile la asilimia 12 halikuwa faida hata kidogo. Lilikuwa kama uji anaopewa mgonjwa mbele ya wageni ili wadhani kwamba amepona.

Hapo ndipo ulipoanza msiba wa wenye hisa. Wewe leo ukinunua hisa za kampuni yenye dhima ya kikomo, unaweza kupoteza kile ulichotoa, basi. Shamba lako na nyumba yako haviguswi. Haikuwa hivyo Glasgow. Benki ile ilikuwa na dhima isiyo na kikomo, maana yake kila mwenye hisa aliwajibika kwa madeni yote ya benki mpaka senti yake ya mwisho. Wafilisi walipoanza kazi, walimtaka kila mwenye hisa ya pauni 100 alete pauni 500. Wengi hawakuwa nazo, wakafilisika. Na kwa kuwa hao walishindwa, mzigo wao ukahamishiwa mabegani mwa waliobaki. Mwaka 1879 ukaja mwito wa pili: pauni 2,250 kwa kila hisa ya pauni 100. Kati ya wenye hisa 1,819, ni 254 tu waliobaki na uwezo wa kulipa madeni yao. Wenye amana walilipwa fedha zao zote. Waliolipa ni wenye hisa.

Na wenye hisa hao hawakuwa matajiri watupu. Walikuwamo wajane wengi na wanawake wasioolewa ambao walitegemea gawio lile kwa chakula na kodi ya nyumba. Walikuwamo pia watu ambao hawakupata hata senti moja ya faida. Hao walikuwa wadhamini: jamaa na marafiki waliokubali kwa hisani kushika mali ya familia za wengine, majina yao yakaandikwa katika daftari la benki. Walikwenda mpaka Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, wakasema: “Hisa hizi si zetu, sisi tumezishika tu kwa niaba ya wengine.” Mwaka 1879 walijibiwa kwamba jina lililo katika daftari ndilo linalodaiwa. Ndugu msomaji, kama umepata kuweka jina lako kwenye hisa za mpwa wako au za shemeji yako aliye mbali, jibu hilo lakuhusu.

JELA HAILIPI DENI

Je, wakubwa wa benki walifanywa nini? Wakurugenzi sita na meneja walishtakiwa mbele ya Mahakama Kuu mjini Edinburgh Januari 1879. Wote saba walitiwa hatiani. Wawili walifungwa miezi 18, na watano miezi 8. Watu wengi waliiona adhabu hiyo kuwa ndogo, hasa wakilinganisha na wezi wa kawaida waliokuwa wakifungwa miaka mingi kwa vitu vya thamani ndogo.

Lakini hata kama wangefungwa miaka 80, mjane wa Glasgow asingerudishiwa nyumba yake. Hili ni jambo la kwanza la kushika. Kesi ya jinai humwadhibu mkosaji kwa niaba ya umma. Hailipi hasara ya mtu. Anayetaka kulipwa ni lazima afungue madai yake mwenyewe, na hapo ndipo njia inapokuwa nyembamba.

Wenye hisa wengine walisema: “Tulinunua hisa hizi kwa sababu tulidanganywa. Mkataba uliojengwa juu ya uongo ufutwe, na majina yetu yatolewe katika daftari.” Mahakama zilikubali kwamba mtu aliyedanganywa anayo haki ya kuufuta mkataba. Lakini zikaongeza kwamba haki hiyo ina saa yake. Benki ikisha simamisha malipo na hali yake ya kufilisika ikajulikana, wenye kuidai nao wamepata haki juu ya kila jina lililo katika daftari. Huwezi tena kuchomoka na kuwaachia wengine mzigo. Aliyegundua uongo siku moja kabla ya mlango kufungwa angeweza kuokoka. Aliyeugundua siku moja baadaye alikuwa amechelewa.

Mwenye hisa mmoja, jina lake Houldsworth, alijaribu njia nyingine. Mwezi Februari 1877 alikuwa amenunua hisa za pauni 4,000 kutoka kwa benki yenyewe. Hakuomba jina lake lifutwe. Aliomba alipwe fidia kwa kudanganywa. Mwaka 1880 Baraza la Malodi lilimkatalia. Hoja yao yaweza kuelezwa kwa mfano wa mashua ya shirika. Kama wewe ni mmoja wa wenye mashua, nayo ikazama pamoja na mizigo ya watu, huwezi kuidai mashua ikulipe wewe wakati wenye mizigo bado hawajalipwa, kwa maana unaidai mali ambayo wewe mwenyewe umeahidi kuitoa kwa ajili ya wenye mizigo. Tena, kwa kuwa dhima haikuwa na kikomo, Houldsworth angelazimika kuchangia fidia ya kujilipa mwenyewe. Kanuni hiyo ilidumu katika sheria ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 100, hata Bunge lilipoiondoa kwa sheria ya mwaka 1989.

JINA TULIJUALO PWANI

Kisa hiki cha Glasgow kina uzi mmoja unaofika mpaka pwani yetu. Wazee wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wanazikumbuka meli za British India, kama vile Karanja na Kampala, zilizokuwa zikienda na kurudi Bombay. Mwanzilishi wa kampuni hiyo ya meli alikuwa Mskoti aitwaye William Mackinnon. Ndiye aliyeanzisha mwaka 1877 ujenzi wa barabara kutoka Dar es Salaam kwenda bara, barabara ambayo haikufika mbali. Ndiye pia aliyeongoza kampuni iliyokabidhiwa na Sultani wa Zanzibar mwaka 1887 utawala wa sehemu ya pwani ambayo leo imo Kenya, na mji mdogo wa Mackinnon Road, kwenye njia ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ungali na jina lake.

Mackinnon huyo alikuwa zamani mmoja wa wakurugenzi wa City of Glasgow Bank. Aliondoka mwaka 1870, miaka 8 kabla ya maanguko. Wafilisi walimfungulia madai, wakisema kwamba hasara nyingine zilitokana na mikopo iliyoanza wakati wake. Kesi ikaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1880, na Mackinnon akashinda.

Tazama vizuri ni nani aliyemdai Mackinnon. Hakuwa mjane wa Glasgow. Walikuwa ni wafilisi, kwa niaba ya benki. Hili lina chanzo chake katika kesi ya mwaka 1843, iitwayo Foss na Harbottle, ambayo hata leo husomwa na wanafunzi wa sheria katika nchi zetu, kwa sababu sheria zetu za makampuni zilirithi mizizi yake. Kesi hiyo ilisema kwamba mkurugenzi akiiharibu mali ya kampuni, aliyekosewa ni kampuni, wala si mwenye hisa mmoja mmoja. Basi mwenye haki ya kudai ni kampuni. Na kampuni ikisha kufa, haki hiyo hushikwa na mfilisi. Akifaulu kupata chochote, huwalipa kwanza wanaoidai kampuni. Mwenye hisa hungoja mwisho wa mstari, na mara nyingi chungu huwa kimekwisha kukombwa kabla hajafikiwa.

Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa ngumu, na kwa kweli ni ngumu. Lakini fikiri ingekuwaje kama kila mmoja wa wenye hisa elfu moja angeweza kufungua kesi yake kwa kosa lile lile. Wenye mbio na wenye mawakili wangelipwa, na mjane wa kijijini angefika na kukuta sahani tupu. Hata hivyo sheria za siku hizi zimeachia upenyo. Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamruhusu mwenye hisa aiombe mahakama idhini ya kufungua kesi kwa jina la kampuni, pale ambapo wakubwa wa kampuni hawataki kujishtaki wenyewe.

NA MSIMAMIZI JE?

Mwaka 1878 hapakuwa na ofisi ya serikali iliyokagua benki za Scotland. Siku hizi ziko benki kuu, ziko mamlaka za masoko ya mitaji, wako wakaguzi wenye vibali. Benki ikianguka, neno la kwanza kinywani mwa wananchi huwa: “Hawa walikuwa wapi?” Swali hilo ni la haki. Lakini kuligeuza liwe madai ya fedha ni kazi nzito kuliko zote.

Huko Marekani, mwenyekiti wa taasisi moja ya akiba na mikopo ya Texas, Thomas Gaubert, ambaye pia alikuwa mwenye hisa mkubwa kuliko wote, aliishtaki serikali. Alisema kwamba maofisa wasimamizi walikuwa wameingilia uendeshaji wa taasisi hiyo, wakashauri mambo ya kila siku, na wakaiharibu. Alidai dola milioni 75 kwa thamani ya hisa zake iliyopotea, na milioni 25 kwa mali aliyoiweka dhamana. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimjibu kwamba maofisa wakitumia busara waliyopewa na sheria ili kutimiza sera ya nchi, serikali haidaiwi kwa uamuzi huo, hata kama ulikuwa mbaya.

Uingereza nako, benki ya kimataifa iitwayo BCCI ilipofungwa Julai 1991, wenye amana wake waliidai Benki Kuu ya nchi hiyo kwa kushindwa kuisimamia. Hao hawakuwa hata wenye hisa, bali watu waliotangulia mbele katika mstari. Kwa kuwa sheria ilimlinda msimamizi dhidi ya madai ya uzembe, walitakiwa wathibitishe kwamba maofisa walitenda kwa nia mbaya. Kesi ilianza kusikilizwa Januari 2004, wakili wa wadai akazungumza kwa miezi mingi katika hotuba yake ya ufunguzi tu, na Novemba 2005, baada ya siku 256 mahakamani, wadai wakaiacha.

Mwaka 2007 watu walijipanga foleni ndefu mbele ya matawi ya Northern Rock ya Uingereza wakitaka fedha zao. Benki hiyo zamani ilikuwa chama cha wanachama cha kukopesha wajenzi wa nyumba, na wenye hisa wengi walikuwa watu wa kawaida waliopewa hisa kwa sababu ya uanachama wao. Februari 2008 serikali iliichukua benki. Sheria iliagiza kwamba mthamini ahesabu thamani ya hisa kana kwamba serikali isingetoa msaada wowote. Mthamini akahesabu, akapata sifuri. Wenye hisa walikwenda mahakamani, wakashindwa. Wakakata rufani, wakashindwa. Wakafika mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo mwaka 2012 haikuyapokea madai yao.

Kwa nini sheria inamkinga msimamizi kiasi hicho? Sababu inayotolewa ni mbili. Kwanza, msimamizi anayeogopa kushtakiwa atasita kuifunga benki mbovu, na kila siku ya kusita huongeza hasara. Pili, fedha ambazo angelipa ni za walipa kodi, na si haki mpagazi asiye na hisa amlipe mwenye hisa aliyepata magawio miaka yote ya neema. Upande wa pili nao una neno lake: mlinzi asiyeulizwa hulala. Kwa hiyo wengi huona kwamba mlinzi huyo na aulizwe bungeni na katika tume za uchunguzi, hata kama haulizwi mfukoni.

WALIOLIPWA

Je, hakuna mwenye hisa aliyepata kulipwa? Wapo. Mwezi Aprili 2008 benki ya Royal Bank of Scotland iliwaomba wenye hisa wake waongeze mtaji wa pauni bilioni 12, kwa bei ya pensi 200 kila hisa, ikatoa waraka wa kueleza hali yake. Mwezi Oktoba mwaka huo huo serikali ililazimika kuiokoa isianguke. Wenye hisa walidai kwamba waraka ule haukuwaeleza ukweli. Kesi ilikuwa karibu kuanza kusikilizwa mwaka 2017 benki ilipokubali kulipa, bila kukiri kosa. Kundi la mwisho la wadai lilipewa pensi 82 kwa kila hisa.

Lakini linganisha na wenye hisa wa Lloyds, walioombwa mwaka huo huo wa 2008 wakubali benki yao iinunue HBOS iliyokuwa taabani. Wapatao 5,800 waliwashtaki waliokuwa wakurugenzi. Mwaka 2019 hakimu aliona kwamba kweli waraka waliopewa haukutaja mambo mawili yaliyopasa kutajwa, ukiwamo msaada wa dharura ambao HBOS ilikuwa ikipokea kutoka Benki Kuu. Hata hivyo aliyatupa madai yao, kwa maana aliona kwamba hata wangeambiwa, bado wenye hisa wangelikubali pendekezo lile.

Ukiziweka kesi hizi bega kwa bega, ndugu msomaji, utaona neno moja likijirudia. Mahakama hailipi hasara. Hulipa kosa alilotendewa mwenye hisa mwenyewe, na si kampuni peke yake. Kosa lililothibitishwa kwamba ndilo lililoleta hasara. Tena likidaiwa mapema, kwa mtu ambaye bado ana kitu mfukoni. Wa Royal Bank walikuwa na waraka mkononi, na benki yao ilikuwa ingali hai kwa sababu serikali iliiokoa. Houldsworth naye alikuwa na uongo uliokubalika wazi, lakini mdaiwa wake alikuwa maiti.

KABLA YA KUNUNUA

Yote haya yatufaa nini sisi? Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwaka 1998, wafanyakazi wengi wa Tanzania wamenunua hisa, za benki zikiwamo. Wapo pia walionunua hisa katika benki za wananchi na za ushirika. Ni jambo jema, na hakuna haja ya kulikimbia. Lakini Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa siku moja kwa sababu ya upungufu wa mtaji. Hapo ilionekana tena tofauti ile ya Glasgow, ingawa upande wa kulipwa umegeuka sura: Bodi ya Bima ya Amana huwafidia wenye amana mpaka kiwango kilichowekwa na sheria. Wenye hisa haiwahusu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutenganisha akiba na hisa katika mipango ya nyumbani. Mwenye amana ameikopesha benki fedha zake; mwenye hisa ndiye benki yenyewe. Fedha za karo ya muhula ujao, za matibabu ya mama, za mwezi ambao mshahara utachelewa, hizo si fedha za hisa. Nunua hisa kwa fedha ambayo ikipotea mtahuzunika, lakini mtakula.

La pili, tunza karatasi. Waraka wa matarajio uliokushawishi ununue usiufungie vitumbua. Huo ndio utakaokuwa shahidi wako. Uweke pamoja na stakabadhi ya malipo, barua za benki na taarifa za hesabu za kila mwaka. Mwenye hisa asiye na waraka ni kama mdai asiye na hati: aweza kuwa na haki, lakini hana ulimi.

La tatu, mwambie mwenzi wako na watoto wakubwa hisa ziko wapi na kwa jina la nani. Kama jina lako limo katika daftari kwa niaba ya mtu mwingine, jambo hilo liandikwe na lifahamike. Dhima ya siku hizi ina kikomo, ndiyo, lakini ugomvi wa mirathi hauna.

La nne, na ndilo kubwa, dai kabla ya msiba. Haki iliyo rahisi kuliko zote kwa mwenye hisa haimo mahakamani. Imo katika mkutano mkuu wa mwaka. Pale hulipi wakili, huthibitishi nia mbaya ya mtu, wala hungojei miaka 12. Unasimama na kuuliza. Lakini wengi wetu huenda kwenye mkutano huo kwa ajili ya fulana, soda na tangazo la gawio. Gawio likiwa nono tunapiga makofi na kurudi nyumbani. Wenye hisa wa Glasgow nao walitangaziwa asilimia 12.

Muulize mwenyekiti: fedha za benki zimekopeshwa kwa nani hasa, na je, zimelundikwa kwa wachache? Wakurugenzi, jamaa zao na makampuni yao wanadaiwa kiasi gani? Mikopo isiyolipwa imeongezeka au imepungua tangu mwaka jana, na benki imetenga nini kwa ajili yake? Mkaguzi wa hesabu ana neno gani, na kama amebadilishwa, amebadilishwa kwa sababu gani? Msiba wa 1878 ndio ulioifanya Uingereza itunge sheria ya mwaka 1879, iliyorahisisha benki kuwa na dhima ya kikomo na kuzitaka benki zilizochukua njia hiyo zikaguliwe hesabu zao kila mwaka. Ukaguzi huo ulinunuliwa kwa nyumba za wajane. Taarifa yake ikikufikia, isome.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika benki, mwenye hisa hawezi kuuziba ufa kwa mkono wake, lakini anao uwezo wa kuuonyesha kidole mbele ya wenzake, na kuandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba aliuonyesha. Mkutano mkuu ujao wa benki yako ni lini? Kama hujui, leo ni Jumapili, watoto wako nyumbani. Lifungueni lile sanduku pamoja, mwitafute barua ya mwaliko, na kabla hamjairudisha mahali pake, liandike nyuma yake swali moja utakalouliza.